GPS ya gari inazingua? Kabla hujaitupa, pita hapa kwanza

Usukani (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila baada ya siku chache anaibuka mtu na swali lile lile: "GPS ya gari yangu imekufa, ninunue ipi?" Ukimuuliza imekufaje, mmoja anasema haishiki setilaiti, mwingine inazima njiani, wa tatu ilimfikisha kwenye geti lililofungwa kwa kufuli ikamwambia amefika. Hayo ni magonjwa matatu, kila moja na dawa yake. Mimi kazi yangu ni kusambaza vifurushi, kifaa hiki kidogo kimegandishwa kwenye kioo mbele yangu kutwa nzima, na wenzangu wamezoea kuniletea vya kwao vikigoma. Katika vyote nilivyoletewa, vilivyokuwa vimekufa kweli havimalizi vidole vya mkono mmoja.

Kwa hiyo naandika hapa jinsi ninavyotafuta ugonjwa. Naanza na umeme, nikitoka hapo naangalia anga, mwisho ramani. Kuriseti kunakuja baada ya hayo yote. Najua wengi mnaanzia huko kwa sababu ni rahisi, lakini ukikirudisha kifaa kwenye hali ya kiwandani unafuta sehemu zote ulizohifadhi, na kama tatizo lilikuwa waya, litabaki palepale. Kushikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hadi 20 mpaka kizime kabisa ni jambo jingine. Hilo kwenye vifaa vingi halifuti kitu, lifanyeni bila woga.

UMEME

Kesi nyingi zinaishia hapa, ndiyo maana nitapazungumzia kwa kirefu.

Kichwa cha chaja kinachoingia kwenye tundu la kuwashia sigara kina ncha ya chuma yenye springi, na vibawa viwili pembeni. Gari likirukaruka kwenye matuta, ncha inaachia kidogo tu, kifaa kinadhani umezima injini, kinaanza kuhesabu sekunde za kuzima. Mwenye gari anakuja kulalamika kuwa "inajizima ovyo". Washa kifaa, kishike kichwa cha chaja, kizungushe taratibu. Alama ya kuchaji ikija na kupotea, umeshampata mgonjwa wako.

Vichwa vingi vina fyuzi ndani. Fungua ile pete ya mbele, lakini zibia kwa kiganja, maana springi ikiruka utaitafuta chini ya kiti mpaka giza likukute. Yamenipata. Ndani utaona kijifyuzi cha kioo chenye uzi mwembamba. Uzi ukiwa umekatika, au kioo kimeingia weusi, weka kingine chenye ampea zile zile zilizoandikwa kwenye kofia yake ya chuma. Usipandishe, na ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara si fyuzi hata siku moja.

Chaja ikiwa nzima, chungulia tundu lenyewe kwa tochi. Niliwahi kukuta sarafu imelala mle ndani, imegusa katikati na ukuta kwa pamoja. Mwenye gari alikuwa ameshabadilisha fyuzi ya gari mara tatu na ameanza kusema gari lina mkosi. Ukitaka kuitoa, chomoa kwanza fyuzi ya tundu hilo, kwa sababu kwenye magari mengine pana umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako.

Halafu kuna hili la chaja dhaifu. Zile ndogo za zamani zinatoa nusu ampea. Kifaa chenye kioo kikubwa, mwanga umepandishwa mpaka mwisho, kinaweza kula zaidi ya hapo. Alama inaonyesha kinachaji, na kweli kinachaji, ila kinakula haraka kuliko kinavyolishwa. Saa nne za safari kinavumilia, ya tano kinazima huku kimechomekwa. Watu wanalaumu betri, kumbe mkosaji ni chaja.

Na kebo. Si kila kebo inayoingia inafaa. Vifaa vingi vyenye tundu la mini USB vinatambua kebo yake ya gari kwa pini ya nne. Ukichomeka kebo ya kawaida, kifaa kinadhani kimeunganishwa na kompyuta, kinatoa picha ya kompyuta kwenye kioo na ramani inapotea. Nimeshakutana na mtu aliyekuwa anachaji usiku nyumbani na kuendesha kwa betri mchana, miezi mizima, kwa sababu ya kebo tu.

ANGA

Setilaiti za GPS zinazofanya kazi ni zaidi ya 30, ziko kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kifaa chako hakitumi chochote huko juu, kinasikiliza tu. Kinahitaji kusikia nne: tatu za kujua mahali, ya nne ya kurekebisha saa yake, maana saa iliyomo ndani ya kifaa si ya kuaminika na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni mita 300 barabarani.

Sasa, kifaa kilichokaa kabatini miezi miwili hakijui setilaiti ziko wapi leo. Inabidi kisikilize upya. Kila setilaiti inatangaza taarifa za njia yake yenyewe, na tangazo hilo linarudiwa kila sekunde 30. Orodha ya setilaiti zote inachukua dakika 12 na nusu kutangazwa yote. Kikikatizwa katikati na daraja au jengo, kinasubiri kipande kile kipite tena. Ndiyo maana ukikiwasha na kuondoka hapohapo kuingia katikati ya maghorofa, unaweza kutembea nusu saa kinasema "inatafuta". Simama mahali pa wazi, injini ikiwaka ukipenda, kipe robo saa. Usikiguse. Taarifa za njia zinafaa kwa muda wa saa nne hivi, kwa hiyo ukisimama kupumzika na kuendelea, kinashika upesi.

Simu haikuzoeshi subira hii kwa sababu yenyewe inachukua taarifa hizo kwa intaneti. Msivilinganishe.

Jambo jingine ni kioo cha mbele. Magari mengine yana kioo chenye utando mwembamba wa chuma wa kuzuia joto la jua, na utando huo unazuia mawimbi ya setilaiti pia. Mara nyingi watengenezaji huacha eneo dogo lisilo na utando karibu na kioo cha kutazamia nyuma, penye vidoti vyeusi. Bandika hapo.

RAMANI

Kama kifaa kinakuonyesha ulipo sawasawa lakini kinakupeleka kubaya, acha kuhangaika na antena. Nenda kwenye mipangilio ya njia. "Njia fupi" ni fupi kweli, itakupitisha hata kwenye mapito ya trekta. Weka "njia ya haraka". Angalia kama umekataza barabara za vumbi, feri au za kulipia bila kujua. Angalia aina ya chombo. Kifaa kimoja nilicholetewa kilikuwa kimewekwa "mtembea kwa miguu" na mwenyewe anashangaa mbona kinampitisha bustanini.

Nawasilisha. Leteni wagonjwa.

Gia_ya_Tano

Siti ya mbele kabisa. Mkuu, darasa zuri, ila yangu haimo humo. Umeme safi, kebo ni yake yenyewe. Nikiwa nje ya gari inashika setilaiti 9 ndani ya dakika moja. Nikiiweka kwenye gari zinabaki 2, mara 3, mara hakuna. Wiki ya pili sasa.

Usukani

Hiyo ni kioo, mkuu. Gari lako lina kioo cha kuzuia joto?

Gia_ya_Tano

Hapana. Gari la zamani, kioo cha kawaida. Na hapo mwanzo ilikuwa inafanya kazi vizuri tu ndani ya gari hilohilo.

Usukani

Kibandike sehemu nyingine, kushoto kabisa, halafu ulete majibu.

Bi_Safari

Samahani nawakatisha. Mimi nina ya urithi, baba aliniachia pamoja na gari. Njia inaonyesha vizuri, lakini tarehe iko nyuma karibu miaka 20, na mchana kweupe kioo kinageuka kuwa cha rangi za usiku. Nimeweka tarehe kwa mkono, kesho yake imerudi kulekule. Ni betri ya ndani?

Usukani

Si betri dada. Hiyo ni hesabu ya wiki. Setilaiti za GPS zinataja tarehe kwa namba ya wiki, na katika tangazo la zamani namba hiyo imepewa nafasi ya biti 10 tu, yaani inahesabu kutoka 0 hadi 1023 halafu inaanza upya. Hesabu ilianza 6 Januari 1980, ikaanza upya Agosti 1999, ikaanza tena 6 Aprili 2019. Wiki 1024 ni miaka 19 na miezi saba na kitu, ndiyo hiyo "karibu miaka 20" yako. Kifaa chako kilianguka 2019.

FundiNyaya

Mleta uzi, hapo kwenye "kilianguka 2019" narekebisha kidogo. Watengenezaji wengi hawakuiacha hesabu iende tangu 1980. Wanaweka kwenye programu ya kifaa wiki ya kuanzia, mfano wiki programu ilipoandikwa, na kifaa kinajua kuwa namba yoyote iliyo chini ya hiyo ni ya mzunguko unaofuata. Kifaa cha namna hiyo kitavuka 2019 bila shida, halafu kitaanguka miaka 19 na miezi saba baada ya wiki yake ya kuanzia, siku ambayo hakuna anayeitarajia. Ndiyo maana utaona vifaa viwili vinavyofanana, kimoja kizima kingine kimerudi nyuma.

Bi Safari, dawa ni kusasisha programu ya kifaa chenyewe. Kusasisha ramani peke yake hakutasaidia. Kama mtengenezaji ametoa toleo jipya, unalipata kupitia programu yake ya kompyuta. Kama hakutoa, kuweka tarehe kwa mkono ni kazi bure, kifaa kikisikia setilaiti kinafuta ulichoandika. Njia itaendelea kuonyesha. Rangi za usiku unaweza kuzifunga kwenye mipangilio ya kioo: badala ya "otomatiki" chagua "mchana".

Usukani

Nimekubali fundi, hilo la wiki ya kuanzia sikulijua. Bi Safari, mfuate huyu.

Bi_Safari

Rangi nimezifunga, zimetulia. Toleo jipya halipo. Basi nitaendesha na tarehe ya zamani, muda wa kufika nitapiga hesabu mwenyewe.

MgeniWaNjia

Wakuu nisaidieni haraka. Nilikuwa nasasisha ramani, imefika asilimia 80 kompyuta ikalala. Sasa kifaa kinawaka, kinaonyesha nembo, basi. Hakiendelei.

FundiNyaya

Usikitupe na usikifungue. Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka kizime, kisha kichomeke kwenye kompyuta kikiwa kimezimwa. Mara nyingi kompyuta inakiona kama diski hata kama ramani imevurugika, na programu ya mtengenezaji (Garmin wana Garmin Express, TomTom wana MyDrive Connect) inakitambua na kuuliza kama uendelee au uanze upya. Chagua kuanza upya.

Kabla hujaanza: izuie kompyuta isilale. Chomeka kebo moja kwa moja kwenye kompyuta, achana na kigawanyio cha USB. Na kama ni laputopu, iwe kwenye chaja. Ramani za eneo kubwa zina gigabaiti kadhaa, hii si kazi ya kukimbizana nayo asubuhi ya safari.

MgeniWaNjia

Imekitambua! Lakini sasa inasema nafasi haitoshi.

Usukani

Hilo nalo limejaa sana. Ramani zinanenepa kila toleo, kumbukumbu ya kifaa iko vilevile kama siku ulipokinunua. Una njia mbili. Chagua eneo unaloendesha tu, uyaache mabara usiyokwenda. Au weka memori kadi kama kina tundu lake. Kadi iwe ya GB 32 kushuka chini, na ifomatiwe FAT32 (mtindo wa kupanga mafaili kwenye kadi). Kadi kubwa zaidi huja na exFAT na vifaa vya zamani haviisomi, vinakaa kimya kana kwamba hujaweka kitu.

Usifute mafaili kwa mkono ili kupata nafasi. Najua faili la sauti za lugha usizozijua linatamanisha kufutwa, na hilo kwa kawaida halina madhara, lakini mtu akishaonja kufuta haachi hapo.

MgeniWaNjia

Nimechagua eneo moja. Inakwenda. Kompyuta nimeikalia mbele kama mlinzi.

Loli24

Salamu kwa wote. Mimi wa loli. Naomba kusema kitu ambacho mleta uzi amekiruka. Loli nyingi zina umeme wa volti 24, gari dogo lina 12. Chaja nyingi za sasa zimeandikwa 12–24V, lakini si zote. Soma kabla hujachomeka. Ya kwangu ya kwanza ilitoa moshi nikiwa nimeshikilia usukani kwa mkono mmoja.

La pili, GPS ya gari dogo haijui urefu wa loli wala uzito wake. Itakupitisha chini ya daraja la mita 3 kwa furaha kabisa. Hakuna mpangilio wa kurekebisha hilo kwenye kifaa cha kawaida. Kuna vifaa vya maloli ambavyo unaandika kimo, upana na tani, na ramani yake ina madaraja. Hata hicho kikikuambia pita, kibao cha barabarani kikisema hapana, ni hapana.

Usukani

Umesema kweli, nimezoea kagari kangu nikasahau wenzangu.

Gia_ya_Tano

Nimekiweka kushoto. Setilaiti 4, mara 3. Afadhali kidogo lakini bado. Nimeanza kufikiri kimeharibika antena ya ndani.

FundiNyaya

Antena iliyoharibika ingegoma nje ya gari pia. Una nini kingine kimechomekwa humo ndani?

Gia_ya_Tano

Hakuna. Redio tu ya gari, na ni ileile ya siku zote.

Bi_Safari

Swali jingine, msinichoke. Rafiki alinitumia namba za mahali (latitudo na longitudo), nikaziandika, nikafika porini. Nilipompigia akasema niko mbali naye kilomita 20 na kitu. GPS ya marehemu baba ndiyo yenye makosa, au mimi?

Usukani

Alikuandikiaje? Nakili hapa sehemu moja tu ya namba, usiweke yote.

Bi_Safari

Ameandika 12 yenye kiduara juu, halafu 30.0 na kialama kama cha mkato juu. Mimi nikaandika 12.30 kwa sababu kifaa kilikuwa kinataka nukta.

Usukani

Hapo ndipo. Alichoandika ni nyuzi 12 na dakika 30. Dakika 60 ndizo zinazofanya nyuzi moja, kwa hiyo dakika 30 ni nusu, yaani 12.5. Wewe ulipoandika 12.30 ukapungukiwa na 0.2 ya nyuzi. Nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi, zidisha 0.2, unapata 22. Baba hana kosa, na kifaa chake hakina kosa.

Kwenye mipangilio tafuta "muundo wa majira ya mahali", ukiweke kiwe sawa na alivyokuandikia mtu, usibadilishe namba kichwani. Kama ni lazima ubadilishe, gawa dakika kwa 60.

Bi_Safari

Nimecheka peke yangu. Kilomita 22 kwa nukta moja.

Loli24

Jambo dogo tu. Madereva wengine wanadhani GPS imeharibika kwa sababu mwendo wake uko chini kuliko saa ya gari. Saa inasema 100, GPS inasema 95. GPS ndiyo iko karibu na ukweli, mradi unakwenda kwa mwendo mmoja na anga ni wazi. Kanuni ya 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu saa za mwendo inakataza saa kusoma chini ya mwendo halisi, ila inairuhusu kuzidisha kwa asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Ukiwa kwenye 100 halisi, saa inaweza kusoma hadi 114 na bado iko ndani ya kanuni. Watengenezaji wanaweka ziada ili wasikosee upande mbaya.

FundiNyaya

Na ukikanyaga breki ghafla, GPS inachelewa kidogo kuonyesha. Msiigeuze kuwa shahidi.

MgeniWaNjia

Imemaliza! Kinawaka, ramani mpya, asanteni sana. Kitu kimoja: sauti imepotea. Picha ipo, kinanielekeza kimyakimya.

Usukani

Angalia mambo mawili. Kama kimeunganishwa na simu au redio kwa Bluetooth, sauti huenda inakwenda huko. Zima Bluetooth usikie. Kama bado, chagua sauti upya kwenye mipangilio, maana baada ya kusasisha ile ya zamani wakati mwingine haipo tena. Na ukichagua, kuna sauti zilizorekodiwa na sauti za kompyuta. Zilizorekodiwa ni tamu lakini zinasema "pinda kulia" tu. Za kompyuta ndizo zinazotaja majina ya barabara, hata kama zinayatamka kwa vituko.

MgeniWaNjia

Bluetooth kweli. Simu ilikuwa mfukoni inaongea peke yake.

Kimya_Kimya

Nasoma tu siku zote ila leo nauliza. Yangu kioo kimeanza kuinuka pembeni, kama kinataka kufunguka. Nikikibonyeza kinarudi. Kinafanya kazi vizuri.

FundiNyaya

Ndugu, acha kukibonyeza sasa hivi. Hiyo ni betri imevimba. Betri za lithiamu hazipendi joto, na kifaa kilichoachwa kwenye dashibodi juani gari likiwa limefungwa kinapikwa. Kitoe kwenye chaja, usikichaji tena, usikitoboe, kiweke mbali na vitu vinavyoshika moto, kipeleke kwa fundi wa vifaa vya umeme abadilishe betri. Ikibadilishwa mapema kifaa chenyewe mara nyingi kinapona. Ikipasuka, utapoteza zaidi ya kifaa.

Na wengine wote: mkishuka kwenye gari, kitoeni kiwekeni chini ya kiti au ndani ya kabati la dashibodi. Itawasaidia na kwa wezi pia.

Kimya_Kimya

Nimekitoa. Sikujua. Nilidhani gundi imeachia.

Usukani

Wenye kioo kisichosikia vidole vizuri nao nimewasahau. Vile vya zamani vinavyosikia kwa kukandamizwa (hata kwa ukucha) vina sehemu ya kusawazisha mguso: kinakuonyesha alama za msalaba unazigusa moja moja. Fanya hivyo kabla hujasema kioo kimekufa. Vipya havina, hivyo futa tu mafuta kwa kitambaa kikavu.

Na kishikio kinachoanguka: osha kile kikombe cha mpira kwa maji ya uvuguvugu, kikauke, futa kioo pia. Usilambe. Tunajua mnalamba.

Gia_ya_Tano

Wakuu naomba radhi.

FundiNyaya aliniuliza nina nini kingine kimechomekwa, nikasema hakuna. Leo asubuhi nimekaa kwenye kiti cha dereva nikatazama juu, nikakutana uso kwa uso na kamera ya kurekodi barabara. Niliiweka kama wiki mbili zilizopita. Nilishaisahau kabisa kwa sababu inajiwasha yenyewe.

FundiNyaya

Hahaha. Fanya hivi: simama mahali pa wazi, fungua ukurasa wa setilaiti kwenye GPS, kamera ikiwa imewaka. Hesabu. Kisha chomoa waya wa kamera, ngoja dakika mbili, hesabu tena.

Gia_ya_Tano

Kamera ikiwaka: 3. Nimechomoa: 8. Nimechomeka: 3. Nimerudia mara nne kama mtoto.

FundiNyaya

Basi ndiyo huyo. Mawimbi ya GPS yako kwenye megahezi 1575.42 na yakifika chini yanakuwa hafifu mno, hata kelele ndogo ya umeme karibu yake inayafunika. Kamera za bei rahisi na chaja zao zinatoa kelele hiyo kwa sababu ndani hazikufunikwa vizuri. Si kwamba kamera inataka kukudhuru, ni kama mtu anayepiga debe karibu na sikio lako wakati mwenzio ananong'ona toka ng'ambo.

Jaribu kwa mpangilio huu. Kwanza zitenganishe, kamera upande mmoja wa kioo na GPS upande wa pili, na waya wa kamera usipite karibu na GPS. Bado? Badilisha chaja ya kamera, kwa sababu mara nyingi kelele inatoka kwenye chaja na waya wake, kamera yenyewe haina neno. Bado? Weka vile vibonge vyeusi vya feraiti kwenye waya, karibu na kamera. Vyote vikishindwa, badilisha kamera.

Usukani

Na mimi nilikuwa nimeshamhukumu kioo. Naongeza kwenye uzi: kabla ya yote, chomoa kila kitu ulichokiongeza kwenye gari tangu siku ilipokuwa nzima.

Gia_ya_Tano

Majibu. Kuzitenganisha kulileta 5. Chaja nyingine ya kamera, ile ya simu ya zamani niliyokuwa nayo droo: 9. Tisa, wakuu, ndani ya gari. Nimezunguka nayo jioni yote bila safari yoyote.

Halafu nikachomoa memori kadi ya kamera nione ilikuwa inarekodi nini wiki hizi mbili. Barabara ipo, vizuri kabisa. Na sauti ipo. Ni mimi, kila siku, naitukana GPS, na kamera imenyamaza inarekodi.